Ngoja Maji Yamlete Ndege: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Viumbe wa Hori za Mombasa

Mpiga picha anayeshuka mara ya kwanza horini, mkono wa bahari uingiao bara, huona kitwitwi, ndege mdogo wa matopeni, umbali wa mita mia moja, akaanza kumfuata matopeni. Ndege asogea, naye asogea. Nusu saa baadaye ana picha arubaini za migongo, viatu vimejaa tope, na kundi zima limehamia ng'ambo.

Mombasa haina haja ya kufukuzana na ndege. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji ya Kilindini hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Matope yote yanayowalisha ndege Jomvu Kuu, Mikindani, Port Reitz na Mtwapa hufunikwa, na walio juu yake hawana budi kusogea nchi kavu. Kazi yako ni kuwa umekwisha kuketi pale watakaposogezwa na maji. Mengine yote katika mwongozo huu, hata kamera, yanafuata nyuma ya jambo hilo.

Soma maji kwanza

Tafuta jedwali la maji la Kilindini. Saa zake huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi; kosa la hesabu hapa limewanyima watu siku nzima. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko mlangoni mwa bahari. Siku ya kwanza chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, andika saa yaliposimama, kisha linganisha na jedwali. Tofauti hiyo itakufaa kila utakaporudi mahali hapo.

Hata bila jedwali, mwezi unatosha kukupa picha ya jumla. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yaani maji madogo, na saa hugeuka: kujaa huwa kama saa nne au saa tano, na kupwa saa kumi. Kila siku saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya mpando mafungu 12, na muda wa kujaa uwe saa sita: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mpando ukiwa mita 3, saa ya tatu na ya nne kila moja huleta sentimita 75. Kwenye tope lenye mteremko mdogo wa mita 1 kwa kila mita 100, sentimita hizo 75 ni mita 75 za ardhi zinazomezwa kwa saa moja. Ndiyo saa ndege wanapokuja mbio kuelekea kwako, na ndiyo saa mtu aliyekaa mbali na ukingo hujikuta amezungukwa.

Upepo na jua: kwa nini asubuhi hushinda jioni

Ndege akisimama, akiruka au akitua, huelekeza mdomo kwenye upepo. Manyoya yakipeperushwa kutoka nyuma hufunuka na kumtia baridi, na kuruka bila upepo wa mbele kunamtaabisha. Sasa angalia pepo zetu. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kusi, takriban Mei hadi Septemba, hutoka kusini-mashariki. Zote mbili zatoka upande wa bahari, upande linakochomoza jua.

Kwa hiyo asubuhi, ukiupa mashariki mgongo, jua lamwangaza ndege usoni na upepo wamgeuza kukutazama. Jioni ukifuata kanuni ileile ya jua mgongoni, unatazama mashariki, na ndege wote wanakupa mikia. Hili ndilo jibu la wale wanaolalamika kwamba jioni kuna mwanga wa dhahabu lakini picha hazina uso. Jioni kaa kaskazini au kusini mwa ndege ili jua litoke ubavuni, au kubali kupiga vivuli vyao dhidi ya maji yanayong'aa. Tahadhari moja: asubuhi na mapema umande, yaani upepo mwanana utokao bara, huweza kuvuma kuelekea baharini kwa saa moja au mbili kabla ya upepo mkuu kuamka. Tazama makuti ya minazi kabla ya kuchagua pa kuketi.

Ukiunganisha maji na upepo, siku bora hujitokeza zenyewe. Siku ya 4 hadi ya 6 baada ya mwezi mwandamo au mpevu, maji hujaa takriban kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Nguvu ya bamvua imeanza kupungua, lakini maji bado yanatosha kuwasogeza ndege, na jua bado liko chini. Hizo ndizo siku za kuomba ruhusa kazini. Jioni za bamvua ziwe chaguo la pili, na mchana wa bamvua, maji yakiwa mbali, waachie kaa.

Kuhusu majira: ndege wageni kutoka Ulaya na Asia huanza kuonekana Agosti na Septemba na huondoka kufikia Aprili. Machi na mwanzo wa Aprili ndio wakati mzuri wa rangi, kwani Calidris ferruginea, kitwitwi wa mdomo uliopinda anayezaa tundra ya Siberia, huanza kugeuka kutoka kijivu kuwa mwekundu wa matofali kabla hajaondoka. Wenyeji kama yangeyange na mdiria wapo mwaka mzima. Masika msiende bila mfuniko wa mvua wa kamera. Zaidi ya hapo mvua si adui, mawingu huondoa vivuli vikali vya adhuhuri.

Upelelezi: nenda maji yakiwa mbali, bila lenzi kubwa

Safari ya kwanza ni ya macho. Chukua darubini ya 8x42, daftari na simu. Tembea kwenye ukingo wa juu kabisa wa maji, ule mstari wa majani makavu na mbegu za mkoko, ukitafuta mambo matatu: vinyesi vyeupe vilivyokusanyika mahali pamoja, manyoya madogo, na nyayo nyingi zilizokanyagana. Vyote vitatu vikiwa pamoja, hapo ndipo kundi hupumzika maji yakijaa. Kinyesi kilichotawanyika ni cha ndege wapita njia, usikitegemee.

Kwa mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides mwenye mdomo mwekundu, tafuta tawi au mti uliochomekwa majini wenye michirizi ya chokaa upande mmoja na vipande vya magamba ya kaa chini yake. Ndege huyu hurudi kwenye kituo kilekile, hivyo tawi moja lililopatikana ni kazi ya mwezi mzima. Chunguza pia kilicho nyuma ya tawi. Majani yaliyo mita 10 nyuma yatalainika kwenye picha. Yaliyo nusu mita nyuma yatamkata ndege kichwa.

Jifunze miti, maana inakueleza ardhi. Mlilana husimama mbele kabisa, upande wa maji, na tope lake mara nyingi ni laini. Mkoko wenye mizizi ya matao hauna njia, na mizizi yake huota chaza wanaokata kama wembe. Mchu, wenye mizizi inayochomoza kama penseli, mara nyingi huwa na ardhi ngumu zaidi ya kukanyaga, hasa ule wa upande wa nchi kavu. Pita pembeni mwa mizizi hiyo, ndiyo pumzi ya mti.

Kabla hujaondoka, jitambulishe. Bandarini mwa wavuvi muulize mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na ukikutana na mzee anayeshona nyavu anza na "Shikamoo mzee wangu, twaomba kupita." Hii ni adabu, na pia ni maarifa: mtu anayetega dema hapo miaka thelathini anajua ndege aitwaye sululu hulala wapi. Uliza kwa majina anayoyatumia yeye.

Vifaa vinavyofaa tope letu

Lenzi: pesa zako ziende hapa kabla ya mwili wa kamera. Kwa kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C, lenzi ya mm 400 ukiwa mita 10 huona upana wa karibu sentimita 60. Kitwitwi wa sentimita 20 atajaza theluthi moja ya picha, na hiyo yatosha. Kwa mm 600 utapata ukubwa uleule kutoka mita 15. Mwenye mm 300 asogee hadi abakize mita 7 au 8, jambo ambalo kwa kuketi na kungoja linawezekana.

Tripodi iache nyumbani. Miguu yake huzama, na kimo chake hukufanya umpige ndege picha kutoka juu, akaonekana kama kokoto. Chukua sinia pana la plastiki au la bati, juu yake weka kifuko cha jinzi kilichojazwa kilo 2 za mchele mkavu, kisha laza lenzi kwenye kifuko. Sinia halizami na huteleza juu ya tope ukilisukuma. Kifuko kikilowa, mwaga mchele siku hiyohiyo; ukibaki utavimba na kuoza.

Mengine ni haya:
- Raba za kufunga kamba, soksi ndefu. Buti za mvua hunyonywa na tope na kubaki nyuma.
- Gunia la kulalia na kikoi cha rangi ya udongo cha kujifunika mabega na lenzi. Nguo nyeupe na kofia nyekundu ziache.
- Maji lita 2 kwa mtu, dawa ya mbu, mafuta ya jua.
- Chupa ndogo ya maji ya bomba na vitambaa viwili, kimoja cha mikono na kimoja cha lenzi tu.
- Mfuko usiopitisha maji wa kutia kamera wakati wa kuvuka kwa mtumbwi.

Kuketi, na kusogea pale inapobidi

Fika muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa. Chagua mahali mita 12 hadi 20 kutoka palipo na vinyesi, kichaka cha mchu kikiwa nyuma yako ili umbo la mtu lisionekane dhidi ya anga. Usiketi kati ya kundi na njia yake ya kutokea. Lala kifudifudi au kaa chini, lenzi iwe sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, tayari imeelekezwa. Kisha tulia. Ndege wakikukuta umekwisha kuwapo, hukuhesabu kama gogo. Wakikuona unafika, wewe ni mtu.

Wanapokaribia, kila mwendo wako uwe wa polepole kama kivuli cha mti. Ukilazimika kusogea, usimwendee ndege moja kwa moja. Kata pembe, kama unayempita, macho yakiwa pembeni. Sogea sentimita 50, hesabu hadi 60, tazama. Dalili za hofu huja kwa mpangilio: kwanza anaacha kula na kuinua kichwa, pili anakaza mwili, huku wengine wakitikisatikisa kichwa, tatu anatembea kukuacha, nne anatoa sauti au kuachia kinyesi, na hapo tayari anaruka. Ukisimama kwenye dalili ya kwanza, baada ya dakika mbili tatu atarudi kula. Ukingoja ya tatu umechelewa, rudi nyuma kidogo.

Kundi linalopumzika maji yakijaa lina uchache wa mahali pa kwenda. Kulirusha mara moja kunaweza kulilazimu kuzunguka hewani hadi maji yapungue, likichoma mafuta linayoyahitaji kwa safari ya maelfu ya kilomita. Ndiyo maana hatukubaliani kabisa na desturi ya kupiga makofi ili kupata picha ya kundi likiruka. Mwewe au furukombe akipita watarushwa bila wewe, kaa tayari. Sauti za ndege zilizorekodiwa usizicheze, na kiota usikisogelee.

Usiondoke kabla yao. Maji yakianza kupwa kundi litayafuata lenyewe. Subiri hadi wa karibu awe mita 50, ndipo uinuke.

Kamera

Tumia hali ya kuchagua mwenyewe mwendo wa shata na tundu la lenzi, ukiacha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ijipange yenyewe kwa kikomo cha 3200 au 6400. Tundu f/5.6 hadi f/8. Ndege aliyesimama: 1/500 ya sekunde. Anayekula, kichwa kikipanda na kushuka kama cherehani: 1/1250. Yangeyange anayeruka: 1/1600. Vitwitwi wanaoruka kwa kundi: 1/2500 au zaidi. Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, nukta iwe kwenye jicho, na upige mipigo mifupi ya picha 4 au 5 badala ya kushikilia kidole hadi kamera ikwame wakati wa tukio lenyewe.

Rangi hukidanganya kipima mwanga cha kamera. Yangeyange mweupe kwenye tope jeusi: kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na manyoya yakaungua yasirudi. Kwenye kipimo cha kurekebisha mwanga (+/-), punguza kati ya 0.7 na 1.3. Ndege mweusi dhidi ya anga: ongeza 1 hadi 1.7. Dromas ardeola, yule mrefu mweusi na mweupe mwenye mdomo mzito wa kuvunjia kaa, ana rangi zote mbili. Pima weupe wake na uache weusi ushuke. Angalia histogramu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga, si picha kiooni, maana juani kioo huonekana cheusi. Kwa mazoezi, kunguru wa mtaani na yangeyange wa jalalani watakufunza haya yote bila kuchafua viatu.

Tatizo linalowachanganya wengi ni picha laini zisizo na ukali ingawa shata ilikuwa ya kasi. Kuanzia kama saa tatu asubuhi tope na mchanga hupata moto, na hewa juu yake hucheza kama juu ya lami ya Nyali. Hakuna lenzi inayotibu hilo, na lenzi ndefu huonyesha mtikisiko zaidi. Dawa ni umbali mfupi, chini ya mita 15, au kupiga juu ya ardhi iliyofunikwa maji. Vinginevyo funga kamera.

Mchana wa bamvua: kaa na samaki wa matopeni

Ndege wakiwa mbali, lala mita 2 kutoka kwenye mashimo ya kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Watakuwa wameingia ndani. Usitikisike dakika 10 hadi 15, na hakikisha kivuli chako hakiangukii mashimo. Kivuli kwao ni ndege. Wadogo hutoka kwanza, kisha madume huanza kupunga gando. Tundu f/8, shata 1/800, lenzi ikiwa usawa wa macho yao.

Mwenye simu ana bahati hapa. Itie kwenye sinia, iegemeze kwenye tope, washa video, ondoka mita 5, rudi baada ya dakika 20. Kaa watapita mbele ya kioo. Njia hiyohiyo huwanasa samaki watambaao juu ya mizizi kwa mapezi, ambao mtu akisimama tu huwa wamekwisha kurukia majini.

Hatari na mipaka

Mguu ukizama hadi gotini usiuvute kwa nguvu. Tope huunyonya zaidi. Keti nyuma, weka sinia chini ya makalio, zungusha kisigino kuingiza hewa, utoe polepole. Nendeni wawili, mwambie mwenyeji mtarudi saa ngapi, na msikae hadi giza mkiwa na kamera begani. Sehemu za hori la Tudor hupokea maji taka ya mitaa, kwa hiyo funika vidonda na osha miguu kwa sabuni kabla ya kula.

Usielekeze lenzi bandarini Kilindini, kambi ya jeshi la majini Mtongwe, wala kivuko cha Likoni, hata ndege akitua hapo. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Lipa kiingilio na uulize masharti kama picha ni za biashara. Droni inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na kwa kundi la ndege droni ni mwewe asiyechoka: iache.

Ukifika nyumbani

Chumvi hufanya kazi usiku. Lowesha kitambaa kwa maji ya bomba, kamua hadi kikaribie kukauka, pangusa mwili wa kamera, pete za lenzi na kifuniko chake. Kioo cha lenzi kipulizwe mchanga kwanza. Ukikisugua mchanga ungalipo umekikwaruza. Acha vyote vikauke kwenye feni saa moja kabla ya kufunga, pamoja na pakiti za silika jeli za kunyonya unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi asubuhi, acha mfuko umefungwa dakika 30 hadi 40 upate joto la nje, la sivyo lenzi itaota ukungu hapo maji yanapoanza kupanda.

Mwisho, andika daftarini: tarehe, siku ya mwezi, saa maji yaliposimama, upepo, ndege gani walitua wapi. Picha zenye mahali pa kulala kundi zichapishe kwa jina la hori tu, na uondoe alama ya mahali ambayo simu huiweka ndani ya faili.